Katikati ya Milima Miwili

Bibi yangu mzaa mama amezikwa Same. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuishi Same.

Alizaliwa Lushoto, kwenye baridi ya Usambara, akaolewa Rombo, kwenye baridi ya Kilimanjaro. Babu alipofariki alizikwa kihambani, kati ya migomba na mibuni, na pembeni yake pakaachwa nafasi. Bibi aliitazama nafasi ile kwa miaka sita. Kisha akafunga mizigo, akarudi kwao Lushoto, akakaa kwenye nyumba iliyo hatua chache kutoka kaburi la mama yake, akalima maharage. Mara mbili alimwambia mama yangu: "Nikifa, mnilaze hapa." Hakuandika popote. Alidhani kauli inatosha.

Alipofariki, wajomba zangu walifika nyumbani kwetu Korogwe na neno moja: mke huzikwa kwa mumewe. Mama alikuwa na neno moja pia: amesema mwenyewe. Kikao kilichukua siku mbili. Mwili ulikuwa mochwari, gharama zinapanda, watoto wamelala kwenye mikeka, na chai ya rangi inazunguka kwa mara isiyojulikana ni ya ngapi. Jioni ya pili alisimama mzee mmoja wa ukoo, mtu ninayemheshimu mpaka leo, akasema: "Wanangu, mmoja anavutia Rombo, mwingine anavutia Lushoto. Tukutane katikati."

Wengi tulidhani anasema kwa mafumbo. Hapana. Mjomba wangu mdogo alikuwa na kiwanja Same, alichokinunua akitegemea kukijenga siku moja. Ukiifuata barabara kuu kutoka Moshi kuja Mombo, Same ni kama nusu ya njia. Kimya kikatanda, kile kimya cha watu waliochoka, na katika kimya hicho jambo likapita. Wajomba hawakushinda. Mama hakushinda. Tukamzika bibi kwenye tambarare kavu, palipo na joto na mkonge, mwanamke ambaye maisha yake yote alilala na blanketi mbili.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nasoma hisabati. Nilirudi darasani nikiwa bado na kipande cha kitambaa cheusi begani, na somo la wiki hiyo lilikuwa juu ya aina maalumu za seti ndani ya nafasi za vekta zenye topolojia. Jina ni zito kuliko jambo lenyewe. Nafasi ya vekta ni mahali ambapo vitu vinaweza kujumlishwa, kurefushwa na kufupishwa: mishale kwenye karatasi, bei za bidhaa sokoni, mawimbi ya sauti, hata mikunjo ya grafu. Topolojia ni namna ya kujua nani yuko jirani na nani, hata pale ambapo hakuna rula ya kupimia. Ukiviunganisha hivyo viwili unapata uwanja mpana sana, na kazi ya kwanza ni kutafuta ndani yake seti zenye tabia nzuri.

Mhadhiri aliziandika ubaoni moja moja. Kuna seti fyonzi: chukua vekta yoyote, hata iwe ndefu kiasi gani, ukiifupisha vya kutosha itaingia ndani yake. Kuna seti ya mizani: ikimpokea mtu, inampokea pia akipunguzwa, na inampokea hata akigeuzwa kuelekea upande wa pili. Kuna seti yenye mipaka: inaweza kumezwa na ujirani wowote wa sifuri ukitanuliwa vya kutosha. Na kuna seti mbinuko. Neno hilo tulilikuta shule ya msingi kwenye lenzi mbinuko, ile iliyotuna katikati. Seti ni mbinuko iwapo, ukichukua nukta mbili zozote ndani yake na kuziunganisha kwa mstari mnyoofu, mstari wote unabaki ndani. Duara lililojazwa ni mbinuko. Pembetatu ni mbinuko. Mwezi mchanga si mbinuko, maana ukiunganisha pembe zake mbili, mstari unapita hewani.

Niliandika fasili ile kwenye daftari, kisha nikaisoma tena kwa namna nyingine: seti ni mbinuko iwapo watu wawili wowote waliomo ndani wanaweza kukutana katikati na bado wakawa ndani. Kalamu ikasimama.

Nilikumbuka kwamba katika kikao kile kile, kabla ya suala la kaburi, tulikuwa tumeamua mambo mengine mawili. La kwanza, mchango wa kila kaya: wengine walisema laki mbili, wengine laki nne, tukakubaliana laki tatu, na hakuna aliyelalamika. La pili, siku ya maziko: wengine walitaka Alhamisi, wengine Jumamosi, tukachagua Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa siku njema. Laki mbili zingetosha kwa shida, laki nne zilikuwa mzigo unaobebeka, na kila kiasi kilichokuwa kati yake kilikuwa na maana. Seti ya michango inayokubalika ilikuwa mbinuko. Seti ya siku zinazofaa ilikuwa mbinuko. Mzee alikuwa amesema "tukutane katikati" mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Tulipofika kwenye kaburi, kauli hiyo ilikuwa na ushahidi nyuma yake.

Lakini mahali pa kumlaza bibi hapakuwa kama shilingi. Palikuwa na mahali pawili penye maana: kando ya mumewe na kando ya mama yake. Seti yenye nukta mbili tu haiwezi kuwa mbinuko. Kati ya nukta hizo hakuna kaburi lililo nusu kwa mume na nusu kwa mama. Kuna barabara, vituo vya mafuta na viwanja vya watu. Ni kama kuchukua kilele cha Kibo na vilima vya Usambara ukatafuta wastani wake barabarani: hupati mlima wa urefu wa kati, unapata tambarare.

Hili ndilo swali ninalotaka tulitazame. Tumelelewa tukiamini kwamba katikati ni makazi ya haki. Anayekataa kukutana katikati tunamwita mkaidi, na anayependekeza katikati tunamwita mwenye busara hata kabla ya kuangalia amependekeza nini. Hisabati haisemi kwamba katikati ni pabaya. Inasema jambo dogo zaidi ambalo ni rahisi kulisahau: uzuri wa nukta mbili hautoshi kuthibitisha uzuri wa nukta iliyo kati yake. Hilo linategemea umbo la jambo lenyewe, na umbo hilo lazima likaguliwe, kila mara, kabla ya kutembea.

Mzee angeweza kunijibu, na jibu lake si la kupuuzwa. Angesema: "Mjukuu wangu, wewe ulikuwa unatafuta mahali pa kaburi. Mimi nilikuwa natafuta ukoo usivunjike." Kwa maneno ya darasani, angesema nimechora seti isiyo sahihi. Yeye alikuwa anapima amani, na kwa upande wa amani, Same ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyemshinda mwenzake. Nimelifikiria jibu hili kwa miaka kadhaa. Nakubali kwamba amani ni kitu halisi, na kwamba mtu aliyekufa hasikii baridi wala joto. Hata hivyo, nikiikagua amani ile, naona ilikuwa imetengenezwa kwa kugawa hasara sawasawa. Kila upande ulipoteza kila kitu ulichokuwa unakidai, na kwa kuwa wote walipoteza, hakuna aliyekuwa na haki ya kulia zaidi ya mwenzake. Kugawa hasara sawasawa kunafanana sana na haki. Kunafanana kiasi kwamba ukiwa umechoka huwezi kuona tofauti.

Kuna sharti jingine ndani ya fasili ambalo watu hulipita haraka: nukta zote mbili ziwe ndani ya seti kwanza. Ubinuko hautoi ahadi yoyote kwa mstari unaoanzia ndani na kuishia nje. Mtu akichukua mfuko wako na kudai wote ni wake, kuugawa nusu kwa nusu si kukutana katikati ya haki mbili. Ni kumpa mwizi nusu. Na anayelijua hilo hujifunza haraka kudai kingi, ili nusu yake iwe kubwa. Kwenye familia yetu haikuwa hivyo. Wajomba hawakuwa waongo: mila waliyoitetea ni ya kweli, na nafasi kando ya babu ilikuwepo. Mama naye hakuwa mwongo. Ndiyo maana jambo lilikuwa gumu. Lakini duniani mara nyingi ncha moja iko nje kabisa.

Watu wengi waliotupa nadharia hii walilijua hilo kwa miili yao. Sehemu kubwa yake ilijengwa Lwów, mji uliokuwa Poland wakati huo na ambao leo ni Lviv, Ukraine. Stefan Banach, Stanisław Mazur na wenzao walikuwa wakikutana kwenye Mkahawa wa Scottish, wakibishana hesabu, na kuanzia mwaka 1935 waliandika maswali yao kwenye daftari moja lililotunzwa hapo. Mazur ndiye aliyechapisha mwaka 1933 makala muhimu juu ya seti mbinuko. Mwaka 1941 jeshi la Ujerumani ya Wanazi liliuteka mji. Mwezi Julai mwaka huo maprofesa wa Lwów walikusanywa na kupigwa risasi, wakiwemo wanahisabati Antoni Łomnicki na Włodzimierz Stożek. Juliusz Schauder, Myahudi, aliuawa mwaka 1943. Banach aliponea katika taasisi ya Rudolf Weigl, akilisha chawa kwa damu yake mwenyewe ili chanjo ya homa ya chawa itengenezwe, akafariki Agosti 1945. Kati ya anayetaka kuishi na anayetaka kumuua hakuna katikati ya kukutania.

Hata hivyo, kitu kilichonigusa zaidi katika kazi yao ni habari ya anayebaki nje. Kuna nadharia inayotokana na kazi ya Hans Hahn na Banach, ambayo Mazur aliipa sura ya kijiometri. Inasema hivi: katika nafasi zenye ujirani mbinuko wa kutosha, ukiwa na seti funge iliyo mbinuko, na mtu mmoja akiwa nje yake, siku zote unaweza kusimamisha ukuta mmoja ulionyooka kati yake na seti yote. Seti nzima upande huu, yeye upande ule. Kwa lugha ya kikao: iwapo mambo yanayokubalika yana umbo la mbinuko, basi yeyote anayekataliwa anaweza kupewa sababu moja iliyonyooka. "Mchango wako uko chini ya laki mbili." Anaweza kuchukia, lakini ameelewa.

Ukiondoa ubinuko, ahadi hiyo inaondoka. Mhadhiri alichora mwezi mchanga, kisha akaweka nukta kwenye uwazi wake, katikati ya zile pembe mbili. Nukta iko nje ya mwezi, hilo liko wazi kwa macho. Lakini jaribu kupitisha mstari mnyoofu utakaouacha mwezi wote upande mmoja na nukta upande mwingine. Hauwezekani. Upande wowote utakaouelekeza mstari, utaukata mwezi. Mtu yule yuko nje, na hakuna sentensi moja iliyonyooka ya kumweleza kwa nini.

Nadhani wengi wetu tumewahi kusimama kwenye uwazi ule. Ni msichana anayenyimwa kitu na kila sababu anayopewa, ikichunguzwa peke yake, inawaangukia pia wengine waliopewa. Ni mfanyakazi ambaye hajavunja kanuni yoyote lakini hayumo. Na mama yangu, siku ile, alikuwa amesimama hapo. Aliuliza kwa sauti ndogo: "Lakini kwa nini Same?" Mjomba mkubwa akasema si Lushoto kwa sababu ya mila. Mzee akasema si Rombo kwa sababu ya kauli ya marehemu. Hakuna aliyesema kwa nini Same, maana sababu haikuwepo. Kulikuwa na sababu mbili za kutokwenda mahali pawili, basi.

Baada ya wiki kadhaa tulifika kwenye nafasi ambazo ziliniogopesha kidogo. Mwaka 1940 Mmarekani Mahlon Day alichapisha makala fupi kuzihusu. Fikiria grafu juu ya kipande cha mstari, na uamue kwamba ukubwa wake utapimwa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wake kila mahali, kisha kujumlisha vyote. Ni kipimo kinachopuuza minara mirefu iliyo myembamba. Sasa chukua grafu moja kubwa, uikate vipande 100 vyenye ukubwa sawa kwa kipimo hicho, na kila kipande ukirefushe kwenda juu mara 100. Ukichukua wastani wa vipande hivyo 100, unarudi kwenye grafu ile ile kubwa. Lakini ukipima kila kipande kilichorefushwa peke yake, ukubwa wake ni sehemu ya kumi tu ya grafu ya mwanzo. Ukikata vipande 10,000, kila kimoja kinakuwa sehemu ya mia. Kila unapoongeza vipande, kila kimoja kinazidi kuwa kidogo, na wastani wao unabaki mkubwa vile vile.

Matokeo yake ni ya ajabu. Katika nafasi hiyo, ukisema "nitaruhusu vitu vidogo tu, na nitaruhusu kila katikati ya vitu nilivyoruhusu," umeruhusu kila kitu. Seti mbinuko iliyo wazi na isiyo tupu ni moja tu: nafasi yote. Na hakuna hata kipimo kimoja kilichonyooka na kinachoendelea bila kukatika, isipokuwa kile kinachosema sifuri kwa kila mtu. Ukuta wa Mazur hauna mahali pa kusimama.

Ningependa kusema kwamba hayo ni ya ubaoni tu. Lakini nilikuwa nimeuona utaratibu ule kwenye mikeka ya nyumbani. Hakuna mtu mmoja aliyeamua kumpeleka bibi Same. Mmoja alinyamaza kwa heshima. Mmoja alitikisa kichwa kwa sababu mwenzake alitikisa. Mjomba mdogo alitaja kiwanja chake kwa ukarimu. Mama aliacha kubisha kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Mimi nilikuwepo, nina miaka 22, nimesoma, na nilimimina chai. Kila kitendo, ukikipima peke yake, ni kidogo, na baadhi ni vya upole. Ukivijumlisha na kuvigawa kwa idadi ya watu, unapata uamuzi ambao hakuna hata mmoja kati yetu angeufanya akiwa peke yake. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, na kwa sababu hakuna wa kulaumiwa, hakuna wa kuomba msamaha.

Je, tungefanya nini? Sidhani kulikuwa na jibu lisilo na maumivu. Pale ambapo jambo lina nukta mbili tu, kuna kuchagua moja. Kuchagua kunamfanya mtu mmoja ashindwe, na huyo aliyeshindwa anadai deni ambalo katikati ya uongo hulifuta kimya kimya: anadai sababu, anadai msamaha, anadai kukumbukwa kesho. Tungempeleka Rombo, tukamwambia mama waziwazi kwamba tumeivunja kauli ya mama yake, na kwamba tunajua tumeivunja. Au tungempeleka Lushoto, na wajomba wakapewa haki ya kusema mbele ya watu wote kwamba nafasi kando ya baba yao imebaki wazi. Katikati ilituondolea wajibu huo. Nadhani hicho ndicho kilichotuvutia kwake.

Mwaka jana mimi na mama tulipanda basi kwenda Rombo kwenye harusi ya binamu yangu. Basi liliposimama Same, abiria walishuka kununua maji na mahindi. Nilimuuliza mama kama tushuke, tuchukue bodaboda, tukamwone bibi kidogo, tutapata basi jingine. Alisema hapana, tutachelewa. Tukakaa. Jua lilikuwa kali upande wake wa dirisha na hakuvuta pazia.

Basi lilipoanza kutembea alisema, bila kunitazama: "Wangeniambia tu hapana. Ningelia, ningewanunia hata mwaka mzima. Lakini ningekuwa naenda Rombo. Kila Krismasi ningekuwa naenda."